Somo na Sajili: Majina katika Sanduku la Ukoo Mmoja wa Kanyakine

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kanyakine, katika Imenti Kusini, alilifungua sanduku la bati la mamake mwezi mmoja baada ya mazishi. Hakulifungua kwa ajili ya kumbukumbu. Shamba lilikuwa lingali katika jina la babake, mirathi ilihitaji barua ya chifu, na barua ya chifu ilihitaji majina: la baba, la mama, na ya watoto wote, wa kiume kwa wa kike. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui binti katika orodha hiyo, na mwalimu alitaka orodha yake iwe safi. Aliketi mezani na kalamu nyekundu mkononi, kama alivyozoea kuketi miaka yote ya kazi yake akisahihisha insha za wanafunzi.

Sandukuni mlikuwa na kipande cha babu, karatasi iliyokunjwa mara nne na kuchakaa mikunjoni. Kadi mbili za ubatizo, moja ya Kikatoliki na nyingine ya Kimethodisti, kwa kuwa ukoo huo, kama koo nyingi za Imenti, uligawanyika baina ya misheni mbili. Kadi ya chama cha ushirika cha kahawa. Kadi za hospitali. Kitambulisho cha mama. Na nakala ya hatimiliki. Ilipofika jioni, mwalimu alikuwa amezungushia majina mengi duara nyekundu. Babu aliitwa Mgambi katika kipande na M'Mugambi katika karatasi zilizofuata. Mama alikuwa Gaceri katika kadi ya ubatizo, Gacheri katika kitambulisho na Gasheri katika kadi ya hospitali. Baba aliitwa Jamlick hapa na Jamleck pale. Ami mmoja alikuwa Jadiel, na mwingine Bundi. Mjukuu mmoja aliitwa Mwenda. Kwa macho ya msahihishaji, ukoo mzima ulikuwa umeandikwa kwa makosa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mengi katika hayo hayakuwa makosa, na kwamba penye kosa la kweli, kosa halikuwa la tahajia. Sajili ya majina ni matini, na kama matini yoyote ile ina waandishi wake, kanuni zake za utunzi na mambo iliyoyanyamazia. Anayeisoma kwa kalamu nyekundu peke yake huuona mkono wa karani, asimwone mtu aliyekuwa akiandikwa.

Ni vyema kuanzia kwenye tahajia, kwa kuwa huko ndiko mwalimu alikoanzia. Kimeru kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano. Karani aliyefunzwa kuandika Kiswahili au Kiingereza hakuwa na herufi za irabu mbili zilizobaki, zile ambazo wasomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, wamezizoea kwa alama yake ndogo juu ya i na juu ya u. Vivyo hivyo sauti inayoandikwa c katika Kimeru hutamkwa kwa namna zinazotofautiana kutoka eneo hadi eneo, na kila mwandishi huikamata kwa wavu alio nao. Gaceri ni tahajia ya wamisionari waliojifunza lugha ya wenyeji ili waihubiri. Gacheri ni tahajia ya ofisi, iliyozoea Kiswahili na Kiingereza. Gasheri ni tahajia ya sikio, ya mtu aliyeandika alichokisikia kwenye foleni ya wagonjwa. Mwanamke ni yuleyule na jina ni lilelile. Kilichobadilika ni taasisi iliyokuwa ikimsikiliza.

Hali ya babu inafundisha zaidi. Mfumo wa kipande, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ulimtaka mwanamume Mwafrika abebe karatasi yenye jina lake, kabila lake, wilaya yake, alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake. Aliyeandika Mgambi alikuwa akiandika kwa masikio ya Kiswahili, lugha ambayo kwayo kiambishi mu- kimefupishwa kuwa m-. Hakukosea kwa mujibu wa sarufi aliyoijua. Alimhamisha tu mtu kutoka sarufi moja hadi nyingine. Ile M' ya karatasi zilizofuata ni kitu kingine kabisa. Ni alama ya Kimeru ya mwanamume mzima, ambayo mara nyingi hufasiriwa kuwa 'mwana wa', na kwa wanawake wa umri mkubwa mwenziwe ni Cio-. Baina ya Mgambi na M'Mugambi, basi, hakuna kosa la herufi. Kuna kijana aliyekwenda kuajiriwa, kisha kuna mzee aliyerudi nyumbani akaheshimiwa. Ritifaa ile ndogo, ambayo huwa ya kwanza kuangushwa na wanaonakili, ndiyo iliyobeba umri wake wote.

Baada ya tahajia huja maana, na hapa msomaji wa Kiswahili anapaswa kujihadhari kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu undugu wa lugha za Kibantu humdanganya. Akikutana na Mwenda atadhani anamwona mtu aendaye. Lakini katika Kimeru kwenda ni kupenda: Mwenda ni mwenye kupenda, na dada yake katika mzizi huo ni Kendi. Kitendo cha kwenda kwa miguu kina mzizi mwingine, nao umezaa Kagendo. Akikutana na Bundi atashtuka zaidi, kwa kuwa kwake bundi ni ndege wa mkosi ambaye hakuna mzazi angemtundika shingoni mwa mtoto. Bundi wa Meru si ndege. Ni fundi, neno la Kiswahili lenyewe, lililopanda kutoka pwani pamoja na nyundo na msumeno, likabadilishwa f yake kulingana na sauti za bara na kuwa jina la heshima la mtu wa kazi za mikono. Hapa Kiswahili kinakutana na mtoto wake mwenyewe njiani na kumdhania mgeni, tena mgeni wa kuogofya. Majina mengi yanayoitwa ya ajabu katika nyaraka za zamani ni ya ajabu kwa namna hii tu: ajabu imo katika jicho la msomaji.

Mengine yanafumbuka kwa urahisi. Murithi ni mchungaji. Karimi na Kirimi wametokana na kulima. Mukami ni mkamuaji. Makena ni mwenye furaha. Mukiri ni mnyamavu. Kithinji ni mchinjaji. Ukivuka kusini hadi Embu utawakuta Njeru, aliye mweupe, na Mbogo, ambaye hahitaji tafsiri. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, akiiona orodha kama hii, ataiita kwa jina analolijua: majazi. Amefundishwa kuwa katika majazi jina la mhusika huoana na tabia yake. Ndivyo Shaaban Robert alivyofanya alipompa mshtakiwa wa Kusadikika (1951) jina la Karama na mshitaki wake jina la Majivuno, na alivyofanya tena kwa Utubora katika Utubora Mkulima. Msomaji akilisikia jina, huwa amekwisha kupewa nusu ya hukumu.

Lakini majazi hayawezi kulieleza sanduku la Kanyakine. Mtunzi wa riwaya humpa mhusika jina akiijua hadithi yake yote, ilhali mzazi humpa jina mtoto ambaye bado hana hadithi. Wapo akina Mukiri wengi wasionyamaza na akina Makena wengi wenye huzuni, wala hakuna anayeona kinaya katika jambo hilo. Mama wa mwalimu ndiye mfano ulio wazi. Gaceri ni jina litokanalo na kitenzi cha kutembeatembea na kuzuru; ka- ya mwanzo imegeuka ga- kwa kanuni ambayo wanaisimu huiita Sheria ya Dahl. Ni mwanamke wa kwenda huku na huku, mpenda kuzuru watu. Mama huyo, kwa ushahidi wa watoto wake wote, alikuwa mtu wa nyumbani. Alitoka shambani akaenda kanisani, akatoka kanisani akaenda sokoni, na akifika sokoni alikuwa na haraka ya kurudi. Mwalimu, aliyewafundisha vijana majazi kwa miaka mingi, alikuwa ameishi na mamake umri wote huo bila ya kujiuliza ni kwa nini jina lake lilikuwa la uongo.

Jibu alilipata kwa mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mamake aliye hai, ambaye aliitwa aje athibitishe majina kabla hayajapelekwa kwa chifu. Alisomewa orodha nzima. Aliposikia kwamba Gaceri limezungushiwa duara, hakuuliza lolote juu ya tahajia. Aliuliza, 'Mwanangu, mmemwandika Gaceri wa nani?'

Swali hilo ndilo lenye uzito kuliko kila kilichokuwa mezani. Katika desturi ya Wameru mtoto hupewa jina kwa ajili ya mtu wa ukoo aliyemtangulia, na mtu huyo huitwa ntaagu wake. Kiswahili kina neno karibu na hilo, nalo ni somo, yaani mtu mnayeshirikiana jina. Tofauti yao ni kwamba masomo wawili wa Kiswahili huwa na jina moja, ilhali mtoto wa Kimeru aghalabu hapewi jina lenyewe la ntaagu wake. Hupewa sifa yake. Mzee aliyesifika kwa mifugo anaweza kurudi katika mjukuu aitwaye Murithi ingawa yeye mwenyewe hakuitwa Murithi hata siku moja. Kwa hiyo jina halimwelezi anayelibeba, wala halimtabirii. Linamnukuu mtu mwingine. Ni dondoo fupi kutoka katika maisha yaliyokwisha kusomwa na jamaa, likawekwa mwanzoni mwa maisha ambayo hayajaandikwa bado. Wahakiki wa leo wanaozungumzia mwingilianomatini wangeweza kuanzia hapa, pasipo na vitabu.

Mama mdogo alieleza. Bibi yao, mzaa baba, alikuwa na mabinti walioolewa ng'ambo ya mito, na mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya kupitia Imenti ni mingi na mabonde yake ni ya kina. Alikuwa akiwaendea kwa miguu, mmoja baada ya mwingine, amebeba chakula, hata katika misimu ambayo wengine waliogopa kuvuka. Watu wakamsema kwa mdomo mmoja kuwa ni mwanamke wa kutembea. Mjukuu wake wa kwanza wa kike alipozaliwa, sifa hiyo ikawa jina. Ndiye Gaceri wa sanduku, mama asiyetembea. Jina lake halikuwa uongo. Lilikuwa kweli kuhusu mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hakuwamo katika karatasi hata moja. Kipande kilikuwa cha wanaume. Shamba liliandikwa kwa jina la mume. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo bibi huyo alikuwa amekufa zamani. Ushahidi pekee wa maandishi kwamba aliwahi kuvuka mito ile ni jina la mjukuu wake, na jina hilo ndilo mwalimu alilokuwa amelizungushia duara nyekundu.

Sifa hiyohiyo ya kutembea iliwahi kutolewa mahali pengine kwa nia nyingine. Edward Butler Horne, afisa wa kwanza wa serikali ya kikoloni katika Meru, aliyefika huko katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20, wenyeji walimwita Kangangi, yaani mzururaji mdogo. Aliandika majina ya watu katika vitabu vyake, nao wakamwandika yeye katika neno moja. Bibi anayetembea huwaendea watoto wake. Mgeni anayetembea huzurura katika nchi ya wenyewe. Tendo ni moja na lakabu ni mbili, na baina yake kuna uhakiki kamili wa utawala uliokuwa ukianza. Anayedhani kuwa jamii isiyoandika haina uhakiki na aipime kauli hiyo kwa jina hili.

Yabaki majina ya ubatizo, ambayo mwalimu aliyahesabu kuwa ya kigeni na kwa hiyo hayana la kueleza. Jamlick ni jina adimu ulimwenguni na la kawaida katika Meru. Chimbuko lake ni Yamleki, ambaye Biblia ya Kiingereza humwandika Jamlech, anayetajwa mara moja tu, katika Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 4. Jadiel naye anatoka katika kitabu hichohicho, sura ya 5. Hizi si sura zinazohubiriwa Jumapili. Sura tisa za mwanzo za kitabu hicho ni orodha ya majina, ukoo baada ya ukoo; wasomaji wengi huziruka. Waumini wa kwanza wa Meru, ambako Wamethodisti walianza kazi yao Kaaga mwaka 1912, wangeweza kutosheka na Petro na Yohana, na wengi walitosheka. Lakini wako walioiingia sajili ya kale ya watu wengine na kuchagua humo. Tena waliowachagua hawakuwa watu wa hivihivi: Yamleki anahesabiwa miongoni mwa wakuu wa jamaa waliotoka na makundi yao kutafuta malisho, na mwenziwe wa sura ya 5 miongoni mwa vichwa vya nyumba za baba zao, mashujaa waliosifika. Kwa watu waliopanga maisha yao kwa mwiriga, yaani ukoo, na kwa sifa za wazee na mashujaa, kurasa hizo hazikuwa kame hata kidogo. Huenda hakuna wasomaji wa karne ile waliozisoma kwa hamu kuwashinda.

Upande wa Wakatoliki, kadi ya mama ilikuwa na Consolata mbele ya Gaceri. Jina hilo ni la Bikira Maria Mfariji, anayeheshimiwa Torino, Italia, ambako Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2024, aliunda shirika la wamisionari mwaka 1901. Wamisionari wake walifika Kenya mwaka uliofuata, na kufikia 1926 Meru ilikuwa jimbo la kitume lililo mikononi mwao. Jina la picha ya kanisa moja la Torino likawa hivyo jina la wanawake wanaochuma kahawa katika miteremko ya Mlima Kenya. Msomaji wa Kezilahabi anaijua hali hii: katika Rosa Mistika (1971) mabinti wa Zakaria, akina Rosa, Flora na Honorata, hubeba majina ya kanisa katika kijiji cha Ukerewe, na jina la mhusika mkuu, ambalo ni moja ya sifa za Maria katika litania, linakuwa mzigo wa kinaya anaotembea nao hadi mwisho wake. Katika riwaya jina la ubatizo linabaki kuwa hukumu kutoka nje. Katika sanduku la Kanyakine lilipata njia nyingine. Mwana wa dada yake mwalimu anaitwa Jamlick, na hakuitwa hivyo kwa ajili ya Mambo ya Nyakati, kitabu ambacho wazazi wake pengine hawajakifungua. Aliitwa kwa ajili ya babu. Baada ya vizazi viwili jina lililonukuu Biblia sasa linanukuu ukoo; ntaagu amelimeza.

Hatari, basi, haimo katika majina kuandikwa kwa namna nyingi. Imo katika kuandikwa bila ntaagu. Sajili zote za sanduku, za serikali na za kanisa, ziliuliza jina la mtu na jina la babake. Hakuna iliyouliza lile swali la mama mdogo. Wakati wote ambapo watu walikuwepo wa kulijibu, upungufu huo haukuonekana. Sasa mama mdogo ni mmoja, na alipofika kwa Bundi alisita. Alijua kwamba jina hilo lilikuwa na mwenyewe, fundi fulani wa upande wa mumewe dada yake, lakini upande huo haukuwa wake kuusimulia, na waliokuwa wakiusimulia wamekwisha. Bundi atabaki na maana ya kamusi peke yake. Hilo ndilo kosa la kweli, na kalamu nyekundu haina la kulifanyia.

Wakili aliyeandaa hati ya kiapo alimshauri mwalimu achague jina moja la mamake na kuyataja mengine kuwa ni yake pia, kwa kuwa mahakama hutaka kujua tu kwamba Gaceri, Gacheri na Gasheri ni mtu mmoja. Kanuni ya hati kama hizo ni kuyapanga majina kwa mfuatano, na baina yake kuweka maneno ya kwamba mtu huyu pia hujulikana kwa jina hili. Mwalimu alitia sahihi. Ilikuwa karatasi ya kwanza iliyoyakusanya majina yote ya mamake mahali pamoja, na iliandikwa baada ya yeye kufa.

Nakala yake aliirudisha sandukuni. Kabla ya kufunga, alichukua daftari la shule lililokuwa na kurasa tupu, akaandika kila jina la ukoo kwenye mstari wake, na mbele ya kila jina, badala ya tarehe ya kuzaliwa, akaandika maneno mawili: wa nani. Mistari mingine aliijaza siku ileile, mama mdogo akiwa ameketi mbele yake. Kwenye mstari wa Bundi aliacha nafasi.